Mboga za mwitu na maji yake: mchunga, kisamvu cha mpira, mgagani, mnavu na mlenda

Masika yakishapiga wiki mbili tatu, kando ya mashamba na kwenye viambaza vya vichaka huota mboga ambayo hakuna aliyeipanda. Anayeanza huwa hakosi mboga. Kosa lake ni kuzipika zote kwa mkono mmoja: mafuta, kitunguu, nyanya, dakika kumi, tayari. Mchunga ukipikwa hivyo haupiti kooni kwa uchungu, mlenda unabaki majani magumu yanayoelea, na kisamvu cha mpira kinaweza kumlaza mtu hospitali. Kila mboga ya mwitu ina sharti lake la maji. Kuna inayotaka maji yake yamwagwe, kuna inayotaka maji machache na magadi, kuna inayotaka maziwa, na kuna inayotaka kinu kabla haijaona maji kabisa. Ukishika sharti hilo, viungo ni jambo dogo.

Kabla ya kuchuma

Jina peke yake halitoshi. Mgagani wa bara ndio mwangani wa pwani, na katika masoko ya Kenya unauzwa kwa jina la saga au sageti. Mnavu huitwa mnafu kwingine, na Kenya ni managu. Mlenda si mmea mmoja: ni jina la majani kadhaa yenye utelezi, mengine ya jamii ya ufuta, mengine hayana undugu nao hata kidogo. Kwa hiyo mwenyeji akikwambia "hii kwetu tunakula", usiishie kumwomba akuonyeshe mmea. Mwombe akwambie inapikwaje. Mapishi ndiyo nusu ya pili ya elimu hiyo, na wengi huondoka bila kuiuliza.

Tambua mmea kwa vitu vitatu kwa pamoja: umbo la jani, ua, na kinachotoka ukivunja shina (utomvu au harufu). Kitu kimoja hakitoshi. Utasikia watu wakisema mmea wowote wenye utomvu mweupe ni sumu. Kanuni hiyo inafaa sana kwa tako la hasani, ile mboga ya kutambaa yenye vijani vinene vya maji: ukivunja shina lake likatoa maziwa, hiyo siyo, umeshika gugu jingine la kutambaa, litupe. Lakini mchunga nao unatoa maziwa, na huliwa tangu enzi. Mche mchanga ambao haujachanua na ambao huna hakika nao, uache ukue. Utaukuta wiki ijayo.

Mahali ni muhimu kama mmea wenyewe. Usichume kando ya barabara kuu, chini ya jalala, wala penye maji ya mfereji mchafu. Kwenye mikorosho wakati wa kupiga salfa, vumbi hushuka hadi kwenye magugu ya chini, na mashamba ya pamba na ya mbogamboga hupigwa dawa mara kwa mara. Dawa ya kuua magugu ndiyo inayodanganya zaidi, maana jani lililopuliziwa huchukua siku kadhaa kabla ya kuanza kuwa njano. Leo utaliona bichi na zuri. Muulize mwenye shamba. Ni adabu, na ni usalama wako.

Zizi la zamani nalo lina mtego wake. Mchicha pori unaoota hapo huwa mnene, wa kijani kizito, unatamanisha kuliko wote. Unene huo unatokana na mbolea, na mchicha uliolewa mbolea huhifadhi naitreti nyingi kwenye vikonyo na majani. Mtu mzima akiuchemsha na kumwaga maji hapati shida. Mtoto mchanga asipewe.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka, kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Methali ya mchumia juani haikutungiwa mboga: jani lililochumwa saa saba mchana limekwisha kunyauka kabla hujafika kivulini. Bana ncha yenye majani matatu au manne kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vunja. Likikatika kwa mlio, changa. Likipinda na kuacha nyuzi, limekomaa, liache. Using'oe mizizi, na usimalize kichaka chote, hasa mgagani, ambao msimu ujao unategemea mbegu zilizodondoka mwaka huu.

Bebea kikapu cha ukindu, ndani utandike kitambaa kilicholowa. Mfuko wa plastiki hufanya majani yatoe jasho na kupata joto, na baada ya saa mbili tu ya chini huwa yameanza kuteleza na kunuka. Kila aina ifungwe kishada chake tangu shambani. Tawi moja geni ndani ya kishada cha mnavu utaliona. Ndani ya lundo mchanganyiko hutaliona.

Kuhusu kiasi: majani husinyaa. Kwa watu wanne weka gramu 600 hadi 800 za majani yaliyokwisha kuchambuliwa, yaani kikapu cha kati kilichojaa bila kushindiliwa. Kikapu kinachoonekana kingi kwa macho hutoka sufuriani bakuli mbili.

Moto

Mafiga matatu yanatosha, sufuria ya lita 5 yenye mfuniko, nyingine ndogo, mwiko na ungo au chujio. Mawe yasitoke mtoni: yaliyonywa maji hupasuka kwa joto na kurusha vipande. Kuni ziwe kavu na za mti unaoujua. Epuka mnyaa, ule wa matawi kama penseli unaopandwa ua. Utomvu wake ukiingia machoni unaweza kumfanya mtu asione kwa muda, na moshi wake unawasha. Upepo ukiwa mkali chimba shimo la kina cha kiganja kimoja na uweke mafiga ndani yake, la sivyo utachoma kuni mara mbili na maji hayatachemka.

Mchunga

Huota shambani kama gugu, na wakulima huuchukia kwa sababu mizizi yake hutambaa chini ya udongo na jembe likiikata kila kipande huchipua. Jani ni jembamba na refu, na upande wa chini hutoa masikio mawili au manne yaliyochongoka, kama ncha ya mkuki. Shina lina uwazi ndani. Ua ni dogo la njano. Ukivunja unatoka utomvu mweupe unaoacha doa la kahawia vidoleni, na humo ndimo uliko uchungu.

1. Chambua majani na ncha changa. Tupa shina lolote lisilokatika kwa mkono.

2. Osha kwenye karai mara tatu. Zamisha, tikisa, kisha nyanyua majani na uyaweke pembeni, ndipo umwage maji. Ukimimina maji na majani kwa pamoja, mchanga uliotua chini unarudi juu ya mboga, na mchanga kwenye mchunga hautoki tena baada ya kupikwa.

3. Chanyata membamba, upana wa kijiti cha kiberiti. Kwa mboga nyingine kuchanyata ni mapambo. Hapa ni kazi, kwa sababu kila mkato hufungua mirija ya utomvu na kuutoa nje.

4. Chemsha lita 3 za maji kwa nusu kilo ya majani. Maji yakishatokota vizuri tia majani, bila kufunika, kwa dakika 7 au 8. Maji yatageuka kijani kibichi kilichokolea.

5. Mwaga, suuza kwa maji ya baridi, kamua kwa kiganja hadi kibonge kikae chenyewe. Onja kipande.

6. Kama bado kinakunja uso, rudia kwa maji mapya dakika 5. Usifike mara ya tatu. Mchunga uliotolewa uchungu wote ni kama kutafuna kitambaa, na kama hutaki uchungu hata kidogo, mchicha upo.

7. Ikune nazi moja kubwa. Kamua tui zito kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, kisha tui la pili kwa vikombe viwili. Injika tui la pili pamoja na kitunguu kimoja na chumvi, tia mchunga, acha uchemke taratibu dakika 10. Malizia na tui zito, ukikoroga mfululizo kuelekea upande mmoja. Likichemka mara moja, ipua.

Tui hukatika kwa sababu mbili: moto mkali, au kuacha kukoroga ili ukachochee kuni. Chochea kabla ya kutia tui zito, halafu vuta kuni mbili nje. Tui likishakatika mboga bado inalika, ila mafuta yanaelea juu na ladha inagawanyika. Kambini ambako hakuna mbuzi ya kukunia, tumia gramu 150 za karanga zilizokaangwa na kusagwa, zilizokorogwa kwanza kwenye kikombe cha maji ili zisifanye madonge.

Ndimu au nyanya nyingi zisiingie mapema. Uchachu huyafanya majani yakatae kulainika na huyageuza kuwa na rangi ya kaki. Nyanya moja mwishoni haina neno.

Wako wanaokunywa yale maji ya kwanza kama dawa ya tumbo na homa. Homa inataka kipimo cha malaria zahanati, maji ya mchunga hayapimi.

Kisamvu cha mpira

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walipanda mashamba ya mpira Tanga na kwingineko. Mti wenyewe ni ndugu wa muhogo kutoka Brazil. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka kwa sababu ya mpira wa mashamba ya Asia, mashamba yakaachwa, miti ikabaki kwenye mipaka na vichakani ikijiotea. Watu wa pwani wakagundua kwamba majani yake yanatoa kisamvu kitamu, na wengi hukipenda kuliko cha muhogo. Jani ni pana kuliko la muhogo, lina vidole vitatu hadi vitano vilivyotanuka upande wa nchani, na rangi yake ni kijani chenye ukungu wa buluu.

Ndiyo mboga yenye masharti makali kuliko zote humu. Kama safari yenu haina kinu, iacheni mtini.

Sababu ni hii. Ndani ya jani kuna kitu kiitwacho linamarini, na pembeni yake, katika chumba tofauti cha seli, kuna kimeng'enya kinachoweza kukivunja. Vikikutana, inatoka gesi ya sianidi. Mchi unapobomoa kuta za seli, vitu hivyo viwili vinakutana nje ya tumbo lako, na gesi inaruka hewani. Inachemka kwenye nyuzijoto 26 tu, kwa hiyo kwenye sufuria ya moto iliyo wazi haikai. Sasa chukua jani zima ulitumbukize kwenye maji yanayotokota: joto linaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki salama ndani ya jani, ikikusubiri wewe. Ndiyo maana anayesema "nimekichemsha saa nzima" bila kukitwanga hajafanya lolote la maana.

1. Chuma majani matatu au manne ya juu kabisa. Ondoa vikonyo na mshipa mkubwa wa katikati.

2. Twanga bila maji, pamoja na punje tano sita za kitunguu saumu ukipenda, dakika 20 hadi 30. Kipimo: bana kidogo kati ya vidole, usikute kipande cha jani kinachotambulika. Mchi wa haraka haraka unaoacha vipande vikubwa ndio unaoumiza watu.

3. Tandaza kilichotwangwa kwenye ungo, tabaka jembamba, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Wengi huruka hatua hii. Usiiruke.

4. Osha kwenye maji safi mara tatu, ukikamua kila mara.

5. Chemsha kwa maji mengi, bila mfuniko, mahali penye hewa, dakika 15. Simama upande upepo unakotoka. Mwaga maji hayo.

6. Tia maji mapya na uchemshe dakika 40 hadi 60, bado bila mfuniko, hadi kilainike kabisa. Ndipo uingize tui la nazi au karanga, kama kwenye mchunga.

Mtu akila kisha akapata maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na pumzi za haraka, apelekwe hospitali mara moja na waambiwe amekula nini. Kumpa maziwa na kumsubiri alale si matibabu.

Mgagani

Jani lina vidole vitano, wakati mwingine vitatu au saba, vinavyotoka sehemu moja kama kiganja. Shina lina vinyweleo vinavyonata na harufu kali utakayoisikia kabla ya kuushika. Maua ni meupe au yenye urujuani kidogo, na nyuzi zake ndefu zimejitokeza nje kama miguu ya buibui. Wako ndugu zake wenye maua ya njano au zambarau kabisa. Hao si mgagani wa mezani. Na majani ya vidole vitano yenye meno kama msumeno ni bangi, ambayo si mboga ya mwongozo huu.

Uchume kabla haujachanua. Ukishatoa maua uchungu unapanda na majani yanakuwa madogo na makavu. Kwa nusu kilo, chemsha maji lita 2, tia majani dakika 10, mwaga, kamua kidogo tu. Rudisha sufuriani na kikombe kimoja cha maziwa mabichi na chumvi, moto mdogo, dakika 15, ukigeuza hadi maziwa yanywewe na majani. Protini za maziwa hushika sehemu ya uchungu, ndiyo maana maji hayawezi kuchukua nafasi yake. Maziwa yakimwagwa yote kwa mara moja kwenye sufuria yenye moto mkali yataganda vipande, hasa kama yamekaa tangu asubuhi. Tia robo kikombe, subiri, ongeza.

Magharibi mwa Kenya hupikwa leo huliwa kesho, maana ikilala uchungu hutulia. Ni kweli inanoga. Ila porini, bila friji, chemsha upya jioni na asubuhi hadi itokote kabisa, na usiiache ikae vuguvugu usiku kucha kando ya moto. Vuguvugu ndiyo hali bakteria wanayoipenda.

Mnavu, na mranaha unaojificha ndani yake

Mnavu ni ndugu wa nyanya: maua madogo meupe ya nyota yenye kitovu cha njano, na vitunda kama punje za mtama vinavyoning'inia kwa vishada. Vikiwa vichanga ni vya kijani. Vikiiva huwa vyeusi au vya rangi ya chungwa, kutegemea aina. Vitunda vya kijani vina solanini, sumu isiyoondoka kwa kupika, kwa hiyo viondoe vyote wakati wa kuchambua.

Hatari kubwa ni mranaha, unaoota palepale mnavu unapopenda, kwenye majaa na mazizi. Ukiwa mkubwa huwezi kuukosea: ua refu jeupe kama tarumbeta, tunda lenye miiba, majani mapana yenye meno makubwa yasiyo sawa, harufu mbaya ukiyasugua. Mche wake wenye majani manne ndio unaofanana na mnavu. Sugua kila tawi linalokutia shaka: la mnavu linanuka majani mabichi ya kawaida, la mranaha linakera pua. Aliyekula mranaha hukauka mdomo, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, kisha huanza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hapo hakuna dawa ya kienyeji ya kujaribu, ni gari na hospitali.

Mapishi yake ni mepesi. Chemsha dakika 5 hadi 8 kwa maji ya kufunika, mwaga, kisha kaanga kitunguu na nyanya, tia mnavu, dakika 5. Ukiwa mchungu kuliko ulivyotarajia, changanya nusu kwa nusu na mchicha pori.

Mlenda na magadi

Kuna mlenda wenye jani la meno madogo pembeni, ambalo chini kabisa karibu na kikonyo lina vinyuzi viwili kama masharubu. Maua yake ni ya njano, tunda ni refu na jembamba. Na kuna wa jamii ya ufuta, wenye jani refu na jembamba na ua la waridi lenye umbo la kengele. Yote miwili ina utelezi ukisugua jani lililolowa. Ule wa kwanza uchume kabla tunda halijakomaa, na tupa matunda yote: mbegu zake zina sumu inayogusa moyo, na mifugo imekufa kwa kuzila.

Hapa maji ni machache. Kwa gramu 400 za majani, vikombe viwili vya maji na robo kijiko cha chai cha magadi. Maji na magadi yachemke kwanza, ndipo majani yaliyochanyatwa yaingie. Magadi hulegeza kuta za jani, hulinda rangi ya kijani na huongeza mvuto. Ukizidisha hadi nusu kijiko, mboga inakuwa na ladha ya sabuni na ulimi unakatwakatwa, na hakuna cha kuirekebisha isipokuwa kuongeza majani. Magadi pia huharibu vitamini C, kwa hiyo usitie kwa mazoea kwenye mboga ambayo ingelainika yenyewe.

Usifunike. Utelezi hunasa mapovu, na sufuria ya mlenda hufurika kuliko ya maziwa. Pekecha kwa upekecho dakika 5 hadi 7, tia karanga za kusaga vijiko vitatu vya mezani, nyanya na chumvi mwishoni kabisa. Ukiuacha motoni nusu saa utelezi wenyewe unavunjika na kubaki majimaji.

Magadi yakikosekana tengeneza maji ya majivu. Choma maganda makavu ya maharage au ya ndizi, peke yake, bila mbao zenye rangi wala plastiki, hadi yawe majivu meupe. Toboa kopo chini, tandika nyasi safi, jaza majivu, mwagia maji kidogo kidogo. Yanayodondoka yawe na rangi ya chai ya rangi iliyozimuliwa. Vijiko viwili vya mezani vinatosha sufuria moja. Yana potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa figo asitumie.

Uyoga

Haumo humu kwa makusudi. Kupika hakuondoi sumu ya uyoga mbaya kuliko wote, na dalili zake huchelewa saa 6 hadi 24, wakati chakula kimekwisha kusahaulika na ini linaharibika. Kipimo cha kutia sarafu au kitunguu sufuriani na kuangalia kama kinageuka cheusi ni uongo. Uyoga hufundishwa na mtu msituni, msimu baada ya msimu.

Kukausha ya kiangazi

Mlenda ndio unaokaushwa kwa urahisi. Osha, kung'uta maji yote, tandaza kivulini kwenye jamvi penye upepo, siku mbili hadi nne. Jua kali hukausha upesi lakini huunguza rangi na vitamini A kwa pamoja. Umekauka pale kikonyo, si jani, kinapokatika kwa mlio. Jani hudanganya: hukauka siku ya kwanza, kikonyo kikibaki na unyevu, na huo ndio unaoleta ukungu ndani ya mtungi. Mgagani na mnavu huchovywa kwanza kwenye maji yanayochemka dakika 2, kukamuliwa, kisha kutandazwa.

Twanga mlenda mkavu, chekecha, weka kwenye chombo kinachofunga vizuri. Wakati wa kupika, vikombe viwili vya maji yanayochemka na magadi kidogo hupokea kijiko kimoja cha mezani kilichojaa cha unga huo. Nyunyiza kwa mkono mmoja huku mwingine unapekecha, kwa sababu ukiumwaga wote kwa pamoja madonge yatakayotokea yatakuwa na unga mkavu katikati hadi mboga inafika sahanini.